Mgonjwa wa Saa Nne

Dugald Inkster alikuwa amejikunja kitandani, magoti yakikaribia kidevu, jasho limemlowesha shingo, na bado alikuwa na nguvu ya kugomba.

"Usiiguse hiyo redio, Merran. Ni mafuta tu. Jana nilizidisha mafuta ya kondoo."

"Umekula mafuta ya kondoo tangu ulipoachishwa ziwa," alisema mkewe. "Miaka yote hiyo yalikuwa yanakuchekea, leo ndiyo yamekuchukia?"

"Basi ni yale mayai ya pengwini."

"Mayai tulikula wote wawili."

"Wewe una tumbo la farasi."

Alitaka kucheka, lakini kicheko kilimkata katikati, akauma shuka. Merran alisimama mlangoni na beseni mkononi. Tangu jana jioni alikuwa amelimwaga hata akachoka kulimwaga. Nje upepo ulikuwa ukipiga bati la paa, si kwa hasira, kwa mazoea tu, kama unavyopiga kila siku katika visiwa vya Falkland. Saa ya ukutani ilikaribia saa nne ya asubuhi, na saa nne ilikuwa saa ya daktari.

Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, daktari wa mji wa Stanley aliketi mbele ya redio na kuyaita mashamba, moja baada ya jingine, kutoka mashariki hadi visiwa vidogo vya magharibi. Mwenye mgonjwa alijibu. Asiye na mgonjwa alisikiliza. Kila msemaji alimaliza kwa neno "ova", kumpa mwenzake zamu. Mama aliyekuwa akikanda unga alisogeza bakuli karibu na redio. Mwanamume aliyekuwa akitengeneza hatamu aliingia nazo jikoni. Kikohozi cha mtoto wa huku kilijadiliwa na jirani wa kule, aliye mbali kwa mwendo wa siku nzima wa farasi na mashua, kabla dawa haijamezwa. Jipu la seremala mmoja, lililomtoka mahali pa kukalia, liliulizwa hali yake msimu mzima na watu wasioijua hata sura yake. Hakuna aliyeona ni ufidhuli. Redio ndiyo ilikuwa kisima chao na baraza yao.

Lakini miongoni mwa masikio hayo yalikuwamo ya Bwana Pengelly, meneja wa shamba, kule Port Verity. Na nyumba ile ya Kisiwa cha Sadler, yenye paa jekundu na jiko la kuchomea mboji, ule udongo wa mizizi unaochimbwa, ukakaushwa na kuwashwa kama kuni, haikuwa ya Dugald wala ya Merran. Ilikuwa ya shamba. Iliandamana na kazi ya uchungaji kama mkia unavyoandamana na kondoo. Amos Rumbold, aliyekuwa akichunga kisiwa cha pili, aliomba hewani dawa ya kifua mara kadhaa majira ya baridi yaliyopita; kabla theluji haijayeyuka alikuwa ametolewa nyumbani, yuko Stanley, katika chumba cha uani, akitazama ukuta wa jirani. Alizikwa kabla ya wanakondoo kuzaliwa.

Dugald hakuwa na kifua. Alikuwa na nyonga. Tangu mwaka juzi nyonga hiyo ilikuwa imekataa mzunguko mrefu wa kisiwa, na Merran ndiye aliyeufanya kwa farasi, kofia ya mumewe kichwani. Bwana Pengelly alipokuja kukagua, Dugald alimpokea gatini akiwa tayari juu ya farasi, ili asionekane jinsi anavyopanda.

"Nikitangazwa mgonjwa leo," alisema Dugald, "kunyoa kondoo hakutaisha kabla mizigo yetu haijawekwa gatini. Ndivyo unavyotaka?"

"Sitaki."

"Basi."

"Na kukuzika pia sitaki."

"Mafuta hayajawahi kumzika mtu."

Redio ilikoroma jikoni. Merran aliliweka beseni chini, akaenda. Sauti ya Daktari Ashcombe, kijana aliyeletwa na meli ya mwisho, ilikuwa imeshamaliza upande wa mashariki. Sikio la mtoto. Kidole kilichobanwa na geti. Kisha:

"Kisiwa cha Sadler, kuna mgonjwa? Ova."

Alipokibonyeza kitufe Merran hakuwa na mpango wowote. Mpango ulikuja pamoja na maneno.

"Yupo, daktari. Ni mimi. Ova."

"Pole, Bi Inkster. Unaumwa nini? Ova."

"Tumbo. Lilianza kitovuni, sasa limeshuka upande wa kulia. Natapika. Ova."

Hewa ilinyamaza. Merran aliujua ukimya ule, ameshashiriki mara nyingi kuutengeneza: ni ukimya wa watu waliotua vikombe.

"Una homa? Ova."

"Ninayo. Ova."

"Niwie radhi kwa swali hili. Una umri gani, na siku zako za mwezi zikoje? Ova."

Uso ulimchoma kama ameuinamishia jiko. "Arobaini na tatu. Zinakuja zinapotaka. Ova."

Mtu mmoja mahali fulani alibonyeza kitufe, kwa bahati mbaya au nzuri, na kicheko kikapita.

"Anayecheka na achekee jikoni kwake," alisema daktari. "Bi Inkster, sasa hivi umelala, umekaa au umesimama? Ova."

"Nimesimama. Ova."

Hilo lilikuwa la kweli.

"Unanipa moyo. Na sauti yako ni nzima kabisa. Mtu ambaye kidole tumbo kinataka kupasuka hasemi namna hii. Naona ni mambo ya umri, au kijiwe katika figo. Fungua sanduku la dawa, chukua chupa namba sita, kijiko kimoja, kisha ulale. Ndege ipo upande wenu leo na mifuko ya barua, ningeweza kuituma, lakini sioni haja. Tuzungumze kesho. Ova."

Merran alibaki amekishika kipaza sauti. Ndege ipo upande wetu. Alivuta pumzi ili aseme, na kabla hajasema, sauti nyingine ikaingia, nzito, isiyo na haraka.

"Port Verity hapa, hatuna mgonjwa. Pole, Bi Inkster. Mwambie Dugald akutunze. Ova."

Pumzi ile aliitoa bila neno.

Chumbani Dugald alikuwa amegeuzia uso ukutani. "Nimesikia," alisema. "Kuta ni mbao. Umenifanya mwanamke mbele ya visiwa vyote."

"Kunywa."

"Kijiko hiki ni cha mambo ya umri."

"Kunywa, Dugald, au nitakushika pua."

Alikunywa, akatapika, akanywa kingine. Merran alikaa ukingoni mwa kitanda akimsikiliza anavyopumua kwa vipande vipande. Alikuwa amempa daktari maumivu ya Dugald kwa sauti ya Merran, na daktari asiye na macho huponya kwa masikio tu. Alijisemea: asubiri kidogo. Pengine ni kijiwe kweli.

Karibu na adhuhuri alisikia mngurumo kusini. Alitoka nje. Ile ndege ndogo nyekundu, yenye miguu kama mitumbwi miwili, ilipita mbali juu ya mlango wa bahari, ikitoka shamba moja kwenda jingine, ikawa nukta, ikapotea nyuma ya kilima. Mbwa waliibwekea. Merran aliwanyamazisha kwa ukali ambao hawakuuzoea.

Aliporudi ndani, Dugald alikuwa amenyoosha miguu.

"Limeacha," alisema.

"Nini?"

"Maumivu. Yameacha ghafla, kama mtu aliyefunga mlango." Alitabasamu, midomo mikavu. "Nilikwambia ni mafuta. Sasa niletee chai, na yule daktari wako umwambie mwanamke amepona."

Merran alicheka kwa sauti. Alikwenda jikoni, akasukuma matofali mawili ya mboji ndani ya jiko, akakata kipande cha mkate. Alikuwa akiimba kwa mbinja. Birika lilipochemka ndipo aliposikia kitanda kikigongagonga ukuta.

Dugald alikuwa akitetemeka mwili mzima. Ngozi yake imekuwa rangi ya majivu. Merran alimfunua, akaweka kiganja juu ya tumbo, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama. Halikubonyea. Dugald hakupiga kelele. Alimtazama tu, na katika macho yake hapakuwa na ugomvi tena. Hilo ndilo lililomtia Merran hofu kuliko ubao ule.

"Merran," alisema polepole, "kile kitu hakikuacha."

"Najua."

"Usimwambie Pengelly."

Merran alimfunika. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao walikuwa wameyaficha wawili, kwa kusaidiana.

Saa ya daktari ilikuwa imekwisha zamani, na kituo cha Stanley kisingefungua masikio hadi jioni. Lakini ng'ambo ya mlango wa bahari aliishi Winnie Hjort, ambaye hakuzima redio yake hata alipokuwa akioga.

"Winnie, Winnie. Sadler hapa. Upo? Ova."

"Nipo, shoga. Umelala kama ulivyoambiwa? Ova."

"Si mimi. Ni Dugald. Tangu jana ni Dugald. Ova."

Redio ilikoroma kidogo. "Nilijua," alisema Winnie. "Nilimwambia mume wangu, Sverre: yule si mgonjwa, mgonjwa hasemi kama anayeuza mayai. Yukoje? Ova."

"Tumbo limekuwa ubao. Maumivu yameacha, sasa anatetemeka. Nataka ndege, Winnie. Mwambie rubani. Ova."

"Mimi nitamwambiaje? Redio yangu haifiki hata nyuma ya kilima. Mwenye mlingoti wa redio wa kuifikia ndege ni mmoja tu upande huu, na wewe unamjua." Winnie alishusha sauti. "Nimwite mimi, shoga? Nitasema nilikuona kwa darubini. Nitatunga kitu. Ova."

Merran alitazama mlango wa chumba. Uongo wa asubuhi ulikuwa bado na ladha mdomoni.

"Hapana. Nitasema mwenyewe. Ova."

Aliita Port Verity. Hakuna jibu. Aliita tena. Alifikiria Bwana Pengelly yuko zizini, yuko mezani, yuko usingizini na gazeti usoni, na popote alipokuwa, Dugald alikuwa akipoa. Aliita kwa mara nyingine, akapaza sauti kana kwamba sauti inaweza kuvuka bahari yenyewe bila redio.

"Verity hapa. Nani anapiga kelele? Ova."

"Merran Inkster. Bwana Pengelly, nataka ndege. Dugald anakufa. Ova."

"Asubuhi ulisema ni wewe. Ova."

"Nilisema uongo. Ova."

"Kwa nini? Ova."

Alijua kwamba Winnie anasikiliza, na Sverre nyuma yake, na kwamba habari ilikuwa imeshaanza kuruka kwenda kwa kila aliyeiacha redio wazi. "Kwa sababu yako," alisema. "Kwa sababu ya nyumba. Ova."

Alitazama taa ndogo ya betri, asije akawa anasema na hewa tupu. Kisha sauti ile nzito ikarudi, na safari hii ilikuwa na haraka.

"Ndege iko majini kwenye shamba la kina Felton, inapakua barua. Nitaikamata kabla haijarudi Stanley. Ghuba yako ya magharibi ikoje? Ova."

Merran alivuta pazia. "Nyeupe tupu. Mawimbi yanavunjika hadi kwenye mwani. Ova."

"Hatatua hapo. Ghuba ya ndani, mashariki? Ova."

"Siioni kutoka hapa. Ova."

"Mimi naiona," Sverre Hjort alidakia, sauti ya mtu aliyemnyang'anya mkewe kipaza sauti. "Kilima kinaikinga. Maji yamekunjamana kidogo tu. Atatua, lakini asichelewe, upepo unazunguka. Ova."

"Mpeleke Dugald huko," alisema Pengelly. "Una mtu wa kukusaidia? Ova."

"Nina farasi. Ova."

Kati ya nyumba na ghuba ya ndani palikuwa na shingo ya nchi, ya majani makavu na matope meusi. Gari lenye magurudumu lingezama. Merran alimfunga farasi wao mzee kwenye jukwaa la mbao linaloburutwa chini, ambalo kila mwaka lilileta mboji nyumbani. Alilitandikia godoro, ngozi za kondoo na kila blanketi. Kumtoa Dugald kitandani kulimchukua nguvu alizokuwa ameweka akiba kwa uzee. Alimkumbatia kwapani, akamvuta kinyumenyume, visigino vya mumewe vikichora sakafu aliyoisugua Jumamosi.

"Unaniburuta kama mboji," alinong'ona Dugald.

"Mboji haigombi."

Walikwenda. Kila mara jukwaa liliporuka tuta, Dugald alitoa sauti ndogo, kama mlango wenye kutu. Merran alitembea mbele ameshika hatamu, hakugeuka. Alisikiliza tu: sauti ile ikija, aliumia, ilipokosekana, aliumia zaidi, akawa anapiga soga ovyo ili ajibiwe.

"Bata bukini amekaa kwenye kiota chake palepale pa mwaka jana. Umemwona?"

Kimya.

"Dugald. Umemwona bata?"

"Ni... jike," alijibu. Hakuwa amefungua macho.

Ndege ilitokea kabla hawajafika ufukweni. Ilishuka, ikagusa maji, ikadunda vibaya, ikanyanyuka tena huku injini ikilia. Merran alisimama, mkono umekaza hatamu. Ikazunguka nyuma ya kilima, ikapotea, na kwa muda palikuwa na upepo peke yake. Iliporudi ilikuwa chini zaidi, karibu ikate majani, na safari hii iling'ang'ania maji, ikaja ikiyapasua hadi penye kokoto.

Rubani, Ruari, aliruka ndani ya maji ya mapaja. Alimtazama Dugald mara moja, akaanza kuitupa nje mifuko ya barua ili apate mahali pa kumlaza. Barua za nusu ya magharibi zikabaki kwenye kokoto. Walimwinua kwa blanketi, yeye kichwani, Merran miguuni, maji baridi yakimkata kiuno.

"Kiti kimoja kipo," alisema Ruari. "Panda, mama, twende. Huu upepo hautaningoja."

Dugald alikuwa ameshika mkono wa koti la Merran. Mwanamume ambaye tangu asubuhi hakutaka mtu ajue anaumwa, sasa alisema mbele ya rubani, bila haya:

"Njoo nami."

Merran aligeuka akatazama kilima. Nyuma yake ilikuwapo nyumba, mlango wazi, moto jikoni. Kwenye ulimi wa mchanga wa kaskazini walikuwapo kondoo wachanga waliovuka maji yalipokupwa, na kesho bahari ingejaa kupita kawaida. Mchungaji hayupo, mkewe hayupo, kondoo wamezama: Pengelly asingehitaji hata kutafuta maneno ya kuwafukuza.

Alivitoa vidole vya mumewe kwenye koti, kimoja kimoja, akavibusu, akavirudisha chini ya blanketi.

"Nenda," alimwambia Ruari. "Nenda kabla sijapanda."

Asubuhi iliyofuata saa nne ilimkuta mbele ya redio, koti mwilini, buti miguuni. Hakuwa amelala wala kula. Daktari alianza mashariki kama kawaida. Sikio la mtoto. Kidole cha geti. Merran alimchukia mtoto yule na sikio lake. Shamba baada ya shamba lilijibu, "Hatuna mgonjwa," upesi upesi, hata palipojulikana kuwa na wagonjwa, na akatambua kwamba walikuwa wanampisha.

"Kisiwa cha Sadler. Ova."

"Nipo. Ova."

"Bi Inkster, mumeo yu hai. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Tulimfungua mara tu alipofika, tukamsafisha. Ana homa bado, na siku mbili tatu hizi sitakuahidi kitu, lakini asubuhi hii ameomba chai na kulalamika kwamba ni nyepesi. Umesikia? Ova."

Merran alikibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena.

"Nimesikia," alisema hatimaye. "Chai yake huwa nyeusi. Ova."

"Na siku nyingine, mama, niletee sauti ya mgonjwa mwenyewe, hata kama ni ya kukoroma tu. Jana ningeituma ndege asubuhi." Daktari alikohoa. "Hatapanda farasi kiangazi hiki. Na nimeiona ile nyonga. Sidhani kama atapanda tena. Ova."

Basi, limesemwa, na limesemwa hewani. Angeweza kushukuru na kuzima. Badala yake alibadilisha mkono uliokishika kipaza sauti, maana ule wa kwanza ulikuwa umelowa jasho.

"Verity, Verity. Bwana Pengelly, unanisikia? Ova."

"Nakusikia. Ova."

"Nauliza habari ya nyumba. Nijibu hapa hapa. Ova."

"Mambo kama hayo huzungumzwa ana kwa ana, Bi Inkster. Ova."

"Ya kwangu ya mwezi yalizungumzwa hapa. Ova."

Safari hii kicheko hakikuwa cha mtu mmoja. Kilipokwisha, Bwana Pengelly alisema, "Nyumba ni ya mchungaji. Dugald si mchungaji tena. Ova."

"Miaka miwili hii anayezunguka kisiwa ni mimi. Ova."

"Najua. Dugald hukaa kwenye tandiko kama gunia. Yule niliyemwona kilimani msimu wa kondoo kuzaa hakukaa kama gunia." Akaendelea: "Shamba halijawahi kumwajiri mchungaji mwanamke, na wenye shamba wako Uingereza, hawapendi mapya. Sikiliza. Wanyoaji watafika kwako baada ya Jumapili. Walete kondoo wote wa kisiwa zizini, peke yako. Wakitimia, nitawaandikia wenye shamba kwamba nina mchungaji. Ova."

"Na wasipotimia? Ova."

"Nitawaandikia kwamba sina. Ova."

"Bwana Pengelly," Winnie Hjort aliingia, sauti tamu kama jamu, "hayo maneno yamesikika hadi visiwa vya kaskazini. Ova."

"Ndiyo maana nimeyasema hapa, Bi Hjort. Verity, mwisho."

Merran alizima redio ili kuilinda betri. Bahari ilikuwa imeanza kujaa. Kutoka dirishani aliuona ulimi wa mchanga ukipungua upana, na kondoo wachanga wakiwa wamejibana ncha yake, wajinga, wakitazama upande usio na njia. Alifunga mlango, akawafungulia mbwa, akampanda farasi. Aliteremka kilima mbio, akiwaita mbwa kwa majina, na alipofika chini maji yalikuwa tayari yakimpiga farasi magotini.

Alimsukuma aingie.